Neymar, Pelé na Sócrates: Mkazo wa Kireno Unafuata Nini?

Chukua majina matano ya soka ambayo kila shabiki anayajua: Pelé, Cafu, Neymar, Ronaldo na Sócrates. Msemaji wa Kiswahili aghalabu huyakaza yote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, maana ndivyo ulimi wetu ulivyozoea: PE-le, KA-fu, NEY-mar, ro-NAL-do, so-KRA-tes. Mbrazili husema pe-LÉ, ca-FU, ney-MAR, ro-NAL-do na SÓ-cra-tes. Katika matano tumepatia moja.

Anayetafuta kanuni hupewa majibu yanayogongana. Kitabu kimoja cha kujifunzia Kireno kitamwambia atazame herufi ya mwisho: neno likiishia kwa r, l au z, akaze mwisho. Kingine kitamwambia akariri tu. Cha tatu kitasema kila kitu kimo katika alama zinazoandikwa juu ya irabu. Wenyewe wenye lugha nao hawajaelewana. Kosa la kukaza mahali pasipo pake wamelipa jina, silabada, na walinzi wa lugha huko Brazil na Ureno hawachoki kulikemea: ni no-BEL, si NO-bel, ni ru-BRI-ca, si RU-bri-ca, ni re-COR-de, si RE-cor-de. Ikija penalti, Wabrazili wanaandika pênalti na kukaza silabi ya kwanza, ilhali kamusi za Ureno zinaandika penálti na kukaza ya pili.

Chini ya mabishano hayo kuna swali ambalo wanaisimu wamelivutania kwa miongo kadhaa: je, mkazo wa Kireno unaongozwa na uzito wa silabi? Swali hili linatuhusu hata sisi. Kireno ni lugha rasmi ya jirani zetu wa Msumbiji, na tangu Agosti 2019, Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lugha hizi mbili zinakaa meza moja.

Silabi nzito ni ipi

Silabi nyepesi huishia kwenye irabu moja fupi: ca, me, ri. Silabi nzito ina kitu cha ziada baada ya irabu hiyo. Inaweza kuwa konsonanti, kama mar na nal. Inaweza kuwa irabu ya pili inayotamkwa kwa pumzi moja na ya kwanza, kama mwisho wa neno herói (shujaa). Au inaweza kuwa sauti inayopitia puani, kama mwisho wa jardim (bustani) na irmã (dada). Kwetu wazo hili ni geni kidogo, kwa kuwa silabi nyingi mno za Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo wetu huhesabu silabi bila kuzipima. Kiarabu hupima, na aliyepita madrasa ameusikia upimaji huo hata kama hakuambiwa jina lake.

Katika Kireno kuna mambo ambayo hakuna anayeyabishia. Kwanza, mkazo hauvuki silabi ya tatu kutoka mwisho. Pili, nomino au kivumishi kikiishia kwa silabi nyepesi, mahali pa kawaida pa mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho: CA-sa, me-NI-no, pa-RE-de. Tatu, kikiishia kwa silabi nzito, mkazo mara nyingi huenda mwisho: jor-NAL, a-MOR, fe-LIZ, jar-DIM, co-ra-ÇÃO.

Mfumo wa maandishi umejengwa juu ya mazoea hayo. Kwa sehemu kubwa, neno linalofuata njia ya kawaida haliwekewi alama ya mkazo, na linalokwenda kinyume huwekewa. Jornal haina alama, fácil inayo. Casa haina, café inayo. Maneno yote yanayokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, kama médico na árvore, ni lazima yawe nayo. Kwa hiyo anayesema kwamba kila kitu kimo katika alama hajakosea, ila amejibu swali la uandishi. Alama inaonyesha ni neno gani limeasi. Haisemi limeasi nini, wala kwa nini.

Mambo yalikoanzia

Katika Kilatini jambo hili halikuwa na fumbo. Ukiwa na neno la silabi tatu au zaidi, ulitazama ya pili kutoka mwisho. Ikiwa nzito, ilichukua mkazo. Ikiwa nyepesi, mkazo ulirudi nyuma hatua moja. Irabu ndefu nayo ilihesabiwa kuwa uzito. Ndiyo maana amicus, yenye i ndefu, ilikazwa katikati, na tabula, yenye u fupi, ilikazwa mwanzo.

Kisha katika karne za mwisho za dola ya Roma urefu wa irabu ukapotea katika usemi. Mkazo ulibaki palepale ulipokuwa, lakini kilichouweka pale kikawa kimeondoka. Madhara yake yanaonekana vizuri katika maneno mawili ya Kireno cha leo: FÁ-cil (rahisi) na ci-VIL (ya kiraia). Yote mawili yanaishia kwa il, silabi nzito kwa kila kipimo, lakini la kwanza linakazwa mwanzo na la pili mwisho. Sababu ni kwamba facilis ya Kilatini ilikuwa na i fupi katika silabi ya pili kutoka mwisho, na civilis ilikuwa na i ndefu. Tofauti ya urefu imekufa, mkazo wake unaishi. Ambapo wasemaji hawana tena kumbukumbu ya kuwaongoza, wanatawanyika: kamusi hukubali réptil na reptil, projétil na projetil.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi katika mjadala huu. Kireno kilidondosha e ya mwisho baada ya konsonanti fulani. Amorem ikawa amor, felicem ikawa feliz, crudelem ikawa cruel. Hapa mkazo haukuhama hata kidogo. Neno ndilo lililokatwa mkia. Silabi iliyokuwa ya pili kutoka mwisho ikajikuta ya mwisho, tena imefungwa na konsonanti iliyobaki. Mtu anayekuja leo na kuyaona maneno haya atadhani mkazo umevutwa na uzito wa silabi ya mwisho, kumbe ulikuwa umekaa hapo kabla silabi hiyo haijawa ya mwisho.

Msomaji wa Kiswahili ana njia rahisi ya kulisikia hili. Sema hospitali, hoteli, kisha Samora Masheli. Kireno husema os-pi-TAL, o-TEL, ma-CHEL. Mkazo uko kwenye silabi ileile. Sisi tumeongeza irabu mahali palepale ambapo, katika maneno kama amor, Kireno kiliiacha idondoke.

Historia hiyohiyo inaeleza kwa nini HO-mem (mwanamume), JO-vem (kijana) na OR-dem (amri, utaratibu) hukazwa mwanzo ingawa huishia kwa sauti nzito ya puani. Katika Kilatini yalikuwa hominem, juvenem na ordinem, silabi tatu kila moja, mkazo mwanzoni kwa sababu ya katikati ilikuwa nyepesi. Silabi mbili za mwisho zimeungana kuwa moja, mkazo umebaki.

Baadaye yaliingia maneno kutoka pande nyingine. Wasomi wa zama za mshairi Camões, katika karne ya 16, na waliowafuata waliazima upya kutoka Kilatini na kuongeza maneno mengi yanayokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, aina ambayo watu wa kawaida wa Brazil hadi leo huifupisha: árvore huwa arvre, fósforo huwa fosfro, xícara huwa xicra. Kitupi, lugha ya wenyeji wa asili wa Brazil, kikaleta jacaré, abacaxi na caju. Lugha za Angola na Kongo zikaleta fubá na dendê. Hayo yote yanaishia kwa irabu nyepesi iliyokazwa, na yameingia katika lugha bila kuomba radhi kwa Kilatini.

Hoja ya uzito

Upande wa kwanza unasema Kireno bado kinapima. Leda Bisol wa Brazil aliliweka hivi mwaka 1992: ikiwa silabi ya mwisho ni nzito, inachukua mkazo, ikiwa si nzito, unaunda jozi ya silabi mbili mwishoni na kukaza ya kwanza katika jozi hiyo. Leo Wetzels aliutetea mwelekeo huohuo mwaka 2007.

Nguvu ya hoja hii iko katika maneno mapya, ambayo hayana Kilatini cha kuyashika mkono. Waingereza hukaza mwanzo wa football. Wabrazili walipolipokea walisema fu-te-BOL. Idara ya magari inaitwa de-TRAN, taasisi ya mambo ya wenyeji wa asili ni fu-NAI, mamlaka ya mawasiliano ni a-na-TEL. Wanafunzi wakifupisha faculdade wanapata fa-CUL. Hakuna aliyewafundisha, mwisho mzito umeuvuta mkazo wenyewe.

Ushahidi wa pili ni wa ukimya. Kama silabi ya pili kutoka mwisho ni nzito, mkazo karibu kamwe hauiruki kwenda kwenye ya tatu. Maneno ya asili ya Kireno yenye umbo hilo hayapatikani kirahisi, na yanayotajwa kila mara ni ya kigeni: Washington, performance, na ile pênalti ya Brazil. Itazame pênalti kwa karibu. Silabi yake ya katikati, nal, ni nzito, na kwa kanuni ilipaswa kuchukua mkazo. Wabrazili waliiacha kama Waingereza walivyoisema. Kamusi za Ureno ziliisogeza hadi mahali ambapo Kireno kingeitarajia. RE-cor-de, inayokemewa kila siku, ina kasoro ileile, na pengine ndiyo maana inakemewa kwa bidii kubwa kuliko makosa mengine.

Udhaifu wa hoja hii ni viraka. Ili kuiokoa fácil, Bisol anasema konsonanti ya mwisho haihesabiwi. Ili kuiokoa médico, silabi nzima ya mwisho haihesabiwi. Ili kuiokoa café, anadai kuna konsonanti isiyosikika mwishoni, ambayo hujitokeza katika cafeteira (birika la kahawa) na cafezal (shamba la kahawa). Kiraka cha café kina ushahidi wake, nakiri. Lakini konsonanti yenyewe huwa t katika neno moja na z katika jingine, na kanuni inayohitaji sauti isiyotamkwa ili ifanye kazi inadai imani kubwa kutoka kwa mwanafunzi.

Kuna pia s. Rapaz (kijana wa kiume) hukazwa mwisho kwa sababu ya z, tunaambiwa. Lakini casas na meninos huishia kwa sauti ileile na mkazo wake hausogei. Mtetezi wa uzito lazima aseme kwamba upimaji hufanyika kabla wingi haujaongezwa. Hilo linakubalika, ila akishalisema amekwisha kukiri kwamba sauti peke yake haitoshi; lazima ujue neno limeundwaje.

Hoja ya shina

Hapo ndipo upande wa pili unapoingilia. Maria Helena Mateus na Ernesto d'Andrade, katika kitabu chao cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kireno, wanasema uzito hauna kazi. Katika nomino na vivumishi mkazo huangukia irabu ya mwisho ya shina, basi. Casa ni cas na a. Menino ni menin na o. Parede ni pared na e. Irabu hizo za mwisho ni viambishi tamati, ziko nje ya shina, kwa hiyo mkazo uko silabi moja nyuma yake. Jornal na amor hazina kiambishi, shina ndilo neno zima, na mkazo uko mwisho. Café nayo ni shina tupu.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba sentensi moja inashika jornal na café pamoja, bila konsonanti ya kubuni. S ya wingi haisumbui, kwa kuwa iko nje ya shina. Tena inaeleza jambo ambalo hoja ya uzito haina la kusema juu yake: kwa nini maneno yanayoishia kwa i na u hukazwa mwisho. Caju, tupi, peru, abacaxi, Cafu: silabi nyepesi zote. Viambishi vya Kireno vya aina hii ni a, o na e. I na u hazimo, hivyo zikionekana mwishoni ni sehemu ya shina. Waandishi wa kanuni za tahajia nao wanakubali kimyakimya: caju haiwekewi alama kwa sababu ni ya kawaida, na júri na táxi zinawekewa kwa sababu zimeasi.

Tatizo lake ni mzunguko. Tunajuaje kwamba é ya café ni ya shina na e ya parede siyo? Mara nyingi kwa sababu ya kwanza imekazwa na ya pili haikukazwa. Ukieleza mkazo kwa shina na shina kwa mkazo, hujaeleza. Tatizo la pili ni kwamba hoja hii haitoi sababu ya ule ukimya: kama uzito hauna kazi, kwa nini Kireno kinaogopa kuruka silabi nzito ya pili kutoka mwisho? Na la tatu: kama jornal na café ni sawa mbele ya kanuni, mbona wanaokaza mwisho mzito ni jeshi na wanaokaza mwisho mwepesi ni kikosi, wengi wao wageni? Fácil, homem na médico zinabaki nje kwa pande zote mbili.

Vitenzi vinavunja mzani

Katika vitenzi ubishi unapungua, na hapa uzito hushindwa waziwazi. Linganisha falaram (walisema) na falarão (watasema). Silabi ya mwisho ya maneno haya mawili hutokana na sauti zilezile, irabu mbili za puani, ingawa tahajia inazitenganisha. Fa-LA-ram, fa-la-RÃO. Uzito ni mmoja, mkazo ni tofauti, na kinachoamua ni wakati wa kitenzi. Wakati uliopita huuweka mkazo pale irabu ya kitenzi ilipo. Wakati ujao huuweka kwenye kiambishi chake. Ndiyo maana fa-LÁ-va-mos (tulikuwa tukisema) hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho bila shida yoyote.

Jozi nyingine zinathibitisha. DÚ-vi-da ni shaka. Du-VI-da ni anatilia shaka. NÚ-me-ro ni nambari. Nu-ME-ro ni natia nambari. Joaquim Mattoso Câmara Jr., aliyeweka msingi wa isimu ya Kireno nchini Brazil, alitumia SÁ-bia (mwenye hekima, wa kike), sa-BI-a (alijua) na sa-bi-Á (aina ya ndege) kuonyesha kwamba mahali pa mkazo hubeba maana, na kwamba hapabashiriki kwa sauti pekee. Hoja yake ni kweli, lakini haitoshi: jambo lisilobashirika kwa uhakika bado linaweza kuwa na mwelekeo.

Konsonanti zinazodondoka, irabu zinazodondoka

Usemi wa leo unatoa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeliandaa vizuri zaidi. Katika usemi wa kawaida wa Brazil r ya mwisho hudondoka mara nyingi: amor husikika kama amô, falar kama falá, mulher kama mulhé. Silabi iliyokuwa nzito imekuwa nyepesi, na mkazo haujasogea. Ureno mambo ni kinyume. Huko e isiyokazwa humezwa, kiasi kwamba parede husikika kama pared na noite kama noit. Silabi zimefungwa upya, na mkazo haukuhitaji kuhama.

Kwa hiyo kinachosikika leo mdomoni hakiendeshi mkazo katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Kama upimaji upo, unafanyika kwenye umbo ambalo msemaji analihifadhi kichwani, lenye r ambayo haitamki au e ambayo anaimeza. Ni yaleyale yaliyotokea Kilatini kilipopoteza urefu wa irabu: sauti zinakwenda, mkazo unabaki, na kizazi kinachofuata kinajitungia kanuni kutokana na kinachokikuta.

Uzito kama mwelekeo

Jibu linalonishawishi zaidi limetoka kwa waliouliza swali kwa namna nyingine. Guilherme Garcia, katika makala ya mwaka 2017 kwenye jarida la Phonology, alichukua maneno ya kamusi kubwa ya Houaiss na kupima uzito unaongeza uwezekano wa mkazo kwa kiasi gani katika kila silabi. Alikuta kwamba uzito si swali la ndiyo au hapana. Nguvu yake ni kubwa katika silabi ya mwisho, inapungua katika ya pili, na katika ya tatu hali inageuka: kwenye kamusi, silabi nzito hapo hukazwa mara chache kuliko nyepesi. Lakini katika utafiti wake wa baadaye, wasemaji walipopewa maneno ya kubuni hawakuiiga tabia hiyo ya ajabu ya silabi ya tatu. Kuna kitu wanachojua kuhusu uzito ambacho hawakukipata kwa kuhesabu maneno tu.

Mtazamo huu una gharama yake. Hautabiri neno moja moja. Hauwezi kukuambia kwa nini ni fácil na si facil. Lakini unaeleza yale ambayo pande nyingine mbili zinayafanya siri: kwa nini futebol ilikwenda mwisho ilhali túnel, líder na repórter, nazo za Kiingereza, zilibaki na mkazo wa kwao. Mwelekeo huvuta, haulazimishi.

Hukumu

Kwa vitenzi hakuna haja ya kubishana. Mkazo ni wa wakati na nafsi, na uzito uwekwe kando. Kwa nomino na vivumishi, shina ndilo linaloweka mpaka wa eneo la kupimwa, na ndani ya mpaka huo uzito una nguvu halisi, hasa kwenye maneno yanayoingia leo. Upande wa Mateus na d'Andrade umeshinda kuhusu eneo. Upande wa Bisol na Wetzels umeshinda kuhusu kinachovuta ndani yake. Aliyeshindwa ni yule anayedai kwamba kimoja kati ya hivyo kinatosha, na pia yule anayedai hakuna kanuni yoyote.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa vitabu vya Kireno kwa wasemaji wa Kiswahili, ambao soko lao litakua kadiri Msumbiji inavyosogea karibu. Somo la kwanza la mkazo lisianze na orodha ya r, l na z. Lianze kwa kutenga kitenzi na nomino, kwa sababu mwanafunzi aliyepewa orodha hiyo peke yake atakaza jornal sawasawa, kisha atasema walisema pale alipokusudia watasema.